Utumwa, haki za majimbo na vita vya Marekani vya 1861–1865: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, vita vilianzaje?

Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa rais kwa tiketi ya Republican, chama chenye umri wa miaka sita tu, kilichosimamia jambo moja kubwa: utumwa usiruhusiwe kuenea katika maeneo mapya ya magharibi. Hata kabla hajaapishwa, majimbo saba ya Kusini yalikwisha kujitoa katika Muungano, South Carolina ikitangulia tarehe 20 Desemba. Februari 1861 wajumbe wao walikutana Montgomery, Alabama, wakaunda serikali yao na kumweka Jefferson Davis kuwa rais. Tarehe 12 Aprili mizinga yao ikaipiga Fort Sumter, ngome ya serikali kuu kwenye lango la bandari ya Charleston. Lincoln akaita askari wa kujitolea 75,000. Hapo Virginia, Arkansas, Tennessee na North Carolina, zilizokuwa zikisitasita, zikaungana na wenzao, idadi ikafika majimbo 11.

Haki za majimbo ni nini hasa?

Ni hoja kwamba majimbo ndiyo yaliyoiunda serikali kuu, kwa hiyo serikali hiyo haina madaraka zaidi ya yale iliyokabidhiwa na Katiba. Mengine yote yanabaki kwa majimbo na wananchi wake. Marekebisho ya 10 ya Katiba yanasema karibu hivyo hivyo. Ubishi ulikuwa juu ya nani mwenye kauli ya mwisho pale jimbo na serikali kuu wanapogongana.

Hoja hii haikuwa mali ya Kusini peke yake. Mwaka 1798 Thomas Jefferson na James Madison waliitumia kupinga sheria zilizobana wakosoaji wa serikali. Mwishoni mwa 1814 wajumbe wa majimbo ya New England, kaskazini kabisa, walikutana Hartford kulalamikia vita dhidi ya Uingereza vilivyowaharibia biashara, nao wakaishika hoja ile ile. Kila aliyeshindwa kwenye siasa za Washington aligundua ghafla kwamba anapenda sana haki za majimbo. Ndiyo maana mtu akikuambia vita vile vilikuwa vya haki za majimbo, muulize: haki ya kufanya nini?

Katiba ya 1787 ilisemaje kuhusu utumwa?

Iliulinda bila kuutaja kwa jina. Kwanza, katika kuhesabu watu kwa ajili ya viti vya Baraza la Wawakilishi, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, ingawa hawakuwa na kura; Kusini ikapata wabunge wa ziada na uzito wa ziada katika kumchagua rais. Pili, Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje hadi 1808. Tatu, mtumwa aliyetorokea jimbo jingine alipaswa kurudishwa kwa bwana wake. Kati ya marais 12 wa mwanzo, 10 waliwahi kumiliki watumwa; wawili ambao hawakuwahi ni John Adams na mwanawe John Quincy Adams.

Kwa nini utumwa haukufifia wenyewe, kama baadhi ya waasisi walivyotarajia?

Kwa sababu ya pamba. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha nyuzi na mbegu, kazi ambayo kwa mkono iliweza kummaliza mtu kutwa nzima kwa pamba kidogo tu. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Massachusetts, vilikuwa na njaa ya pamba isiyokwisha, na ardhi ya Alabama, Mississippi na Louisiana iliikubali pamba vizuri mno.

Mwaka 1790 watumwa Marekani walikuwa karibu 700,000. Sensa ya 1860 ilihesabu karibu milioni 4. Wakati huo marufuku ya kuingiza watumwa kutoka nje ilikuwa na nusu karne, hivyo ongezeko lilitokana karibu lote na watoto waliozaliwa utumwani. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland kupelekwa mashamba ya pamba: wengine kwa miguu, wamefungwa minyororo wawili wawili, wengine kwa meli hadi soko la New Orleans. Mume aliuzwa huku, mke kule. Kufikia 1860 pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje, na watumwa wenyewe, kama mali ya kununuliwa na kuwekwa rehani benki, walikadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 3. Mwenye mali ya namna hiyo hafikirii kuiachia kwa mahubiri.

Kwa nini ugomvi uliegemea maeneo mapya ya magharibi, si majimbo ya zamani?

Kwa sababu kila jimbo jipya lilileta maseneta wawili. Kaskazini ilikuwa inaongezeka watu haraka, ikihodhi Baraza la Wawakilishi. Kusini ikabaki kuitegemea Seneti kama ukuta wake wa mwisho. Mwaka 1820 Missouri ilipoomba kuingia kama jimbo la watumwa, Maine iliingizwa kama jimbo huru ili mizani isiyumbe, na mstari ukachorwa kwenye latitudo ya 36°30′: kaskazini yake, ukiacha Missouri yenyewe, utumwa marufuku katika ardhi iliyonunuliwa kutoka Ufaransa.

Mstari huo ulidumu zaidi ya miaka 30. Kisha Marekani ikaipiga Mexico (1846–1848) na kunyakua eneo kubwa hadi Pasifiki, swali likafufuka upya. Mwaka 1850 wanasiasa walishona kiraka kingine: California iingie kama jimbo huru, na Kusini, kama fidia, ipewe sheria kali ya kukamata watoro. Kiraka hicho ndicho kilichochana nguo.

Sheria hiyo ya watoro ilikuwa na ubaya gani?

Tungekuwa na swali moja tu la kuuliza kuhusu hoja ya haki za majimbo, lingekuwa hili.

Sheria ya 1850 ilimruhusu mwenye kudai mtumwa aende jimbo lolote huru, amkamate mtu, amfikishe mbele ya kamishna wa serikali kuu. Hakukuwa na baraza la wazee wa mahakama. Mshtakiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kamishna alilipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, na dola 5 akimwachia. Raia yeyote aliweza kuamriwa asaidie msako, na aliyeuzuia au kumficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita.

Majimbo ya Kaskazini yalijibu kwa kutumia haki zao. Vermont, Massachusetts, Wisconsin na mengine yalipitisha sheria za kulinda uhuru wa watu, yakawakataza maofisa wao kusaidia msako au yakazuia magereza yao yasitumike kuwashikilia watoro. Huko Boston mwaka 1854, Anthony Burns, kijana aliyetoroka Virginia, alisindikizwa hadi melini na askari kati ya makundi ya watu waliojaa hasira pande zote za barabara. Mwaka huo huo huko Milwaukee umati ulivunja jela kumtoa Joshua Glover, naye akafanikiwa kukimbilia Kanada. Mhariri Sherman Booth alishtakiwa kwa kuhusika, na Mahakama ya Juu ya Wisconsin ikaamua kwamba sheria yenyewe inakiuka Katiba. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua uamuzi huo. Bunge la Wisconsin likajibu kwa azimio lililokopa maneno ya Jefferson ya 1798 kuhusu mamlaka ya majimbo.

Basi tazama nani amesimama wapi. Wanaolia kwamba Washington inaingilia jimbo ni wapinga utumwa wa Wisconsin. Wanaoitaka Washington itume askari hadi mlangoni mwa raia wa Massachusetts ni wenye watumwa wa Virginia.

Kansas ilitokea nini?

Mwaka 1854 Seneta Stephen Douglas wa Illinois alipitisha sheria iliyofuta mstari wa 1820 na kuwaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue kwa kura kama wanataka utumwa. Kwa maneno inapendeza. Kwa vitendo, watu wenye silaha walivuka kutoka Missouri wakapiga kura Kansas na kurudi makwao, na wapinga utumwa nao wakaletewa bunduki kutoka mashariki. Mei 1856 mambo yalifuatana siku hadi siku: tarehe 21 mji wa Lawrence ulivamiwa, tarehe 22, ndani ya ukumbi wa Seneti, mbunge Preston Brooks wa South Carolina alimpiga Seneta Charles Sumner kwa bakora hadi akazimia, usiku wa tarehe 24 John Brown na wanawe waliwatoa watu watano wa upande wa utumwa majumbani mwao huko Pottawatomie na kuwaua.

Chama cha Whig, mpinzani mkubwa wa Democratic hadi wakati huo, kilikuwa kimeshavunjika kutokana na sheria hiyo ya 1854, na Republican kilizaliwa katika mabaki yake.

Na kesi ya Dred Scott?

Scott alikuwa mtumwa aliyeishi miaka kadhaa na bwana wake, daktari wa jeshi, katika jimbo huru la Illinois na katika eneo lililokuwa juu ya mstari wa 1820. Alidai kwamba kuishi huko kulimfanya huru. Machi 1857 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilimkatalia. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba mtu mweusi mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba waasisi waliwaona weusi kuwa watu wasio na haki yoyote ambayo mzungu analazimika kuiheshimu. Akaongeza kwamba Kongresi haina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya.

Taney alidhani anamaliza ubishi. Alichofanya ni kukiambia chama cha Republican kwamba lengo lake kuu ni haramu, na wapiga kura wengi wa Kaskazini wakaanza kuamini kwamba kesi inayofuata italazimisha utumwa hata katika majimbo yao.

Nimesikia chanzo kilikuwa ushuru wa forodha. Kweli?

Ushuru ulileta mgogoro mkubwa, lakini miaka 30 kabla. Mwaka 1832 South Carolina, ikiongozwa na fikra za John C. Calhoun, ilitangaza kwamba sheria za ushuru za serikali kuu ni batili ndani ya mipaka yake. Rais Andrew Jackson, naye mtu wa Kusini na mwenye watumwa, akatishia kutumia jeshi. Mwaka 1833 ushuru ukashushwa na jimbo likarudi nyuma. Calhoun mwenyewe, katika barua ya 1830, alikiri kwamba ushuru ulikuwa kisingizio tu na tatizo lenyewe lilikuwa usalama wa mfumo wa kazi wa Kusini, yaani utumwa. Ushuru uliokuwa ukitumika 1860 ulipitishwa 1857, ulikuwa wa chini, na Kusini iliuunga mkono. Ule wa juu ulitiwa saini Machi 1861, wakati majimbo saba yameshaondoka na maseneta wao hawapo kuupinga.

Lincoln alikusudia kufuta utumwa alipochaguliwa?

Hapana, na alilisema hilo waziwazi katika hotuba ya kuapishwa, Machi 1861: hana nia wala haki ya kisheria ya kugusa utumwa pale ulipokwisha kuwepo. Alitaka usienee tu.

Zaidi ya hapo, wiki hiyo hiyo Kongresi ilipitisha pendekezo la kurekebisha Katiba ili serikali kuu isiweze kamwe kuingilia utumwa ndani ya majimbo. Yaani kile ambacho mtetezi wa haki za majimbo angekitamani, ahadi ya kudumu ya kuachwa ajiamulie nyumbani kwake, kiliwekwa mezani. Hakuna hata moja kati ya yale majimbo saba lililorudi.

Kama hakukusudia, walimwogopea nini?

Waliogopa hesabu. Lincoln alishinda kwa takriban asilimia 40 ya kura za wananchi, na katika majimbo kumi ya Kusini jina lake halikuwamo hata kwenye karatasi za kura. Maana yake rais angeweza sasa kuchaguliwa bila Kusini. Majimbo huru yalikuwa 18, ya watumwa 15, na magharibi kulikuwa na majimbo mengine njiani. Rais huyo ndiye angeteua majaji, wakuu wa posta na wa forodha hata Kusini, na magazeti ya wapinga utumwa yangepita posta bila kuzuiwa.

Juu ya hayo, John Brown wa Kansas alikuwa ameivamia ghala la silaha la Harpers Ferry, Virginia, Oktoba 1859, akitaka kuwasha uasi wa watumwa. Alikamatwa na kikosi kilichoongozwa na Robert E. Lee, akanyongwa Desemba. Kusini haikuogopa sana lile tukio lenyewe. Iliogopa kengele za makanisa zilizomlilia Kaskazini.

Tunajuaje kwamba hoja yao ilikuwa utumwa? Waliandika wapi?

Waliandika kila mahali, na bila aibu. Tamko la Mississippi linaanza kwa kusema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa, ambao wanauita maslahi makubwa zaidi ya kiuchumi duniani. Tamko la South Carolina linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini hayarudishi watoro, kwamba New York imekataa hata kumruhusu bwana kupita na mtumwa wake njiani, na kwamba kuna majimbo yanayowapa watu weusi kura. Soma tena orodha hiyo: ni malalamiko dhidi ya majimbo yaliyotumia haki zao.

Aprili 1860 wajumbe wa Kusini walikuwa wameususia mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Charleston kwa sababu chama kilikataa kudai ulinzi wa serikali kuu kwa utumwa katika maeneo yote mapya. Na Katiba yao mpya ya 1861 ilikataza sheria yoyote ya bunge lao ya kuzuia umiliki wa watumwa, ikampa raia haki ya kuzunguka na watumwa wake katika jimbo lolote, ikaamuru utumwa ulindwe katika eneo lolote jipya. Haikutaja haki ya jimbo kujitoa.

Makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alimaliza maneno tarehe 21 Machi 1861 huko Savannah. Jiwe la msingi la serikali yetu, alisema, ni ukweli kwamba mtu mweusi si sawa na mzungu, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili.

Wazungu wengi wa Kusini hawakuwa na watumwa. Kwa nini walipigana?

Katika majimbo 11 yaliyojitenga, karibu familia moja kati ya tatu za watu huru ilikuwa na watumwa, na wengine wengi walikodi watumwa, walifanya kazi mashambani kama wasimamizi, au walitarajia kununua siku moja. Hata aliyekuwa fukara alijua kwamba yupo mtu chini yake, na kwamba nafasi hiyo inatokana na rangi. South Carolina na Mississippi weusi walikuwa wengi kuliko wazungu, hivyo hofu ya kitakachotokea siku ya uhuru ilihubiriwa kila Jumapili. Wengine walipigana tu kwa sababu jeshi limefika kwao. Na kuanzia 1862 waliandikishwa kwa lazima, sheria ikimsamehe mzungu mmoja kwa kila shamba lenye watumwa 20, jambo lililowachukiza sana maskini. Gavana Joseph Brown wa Georgia aliipinga serikali ya Davis kuhusu uandikishaji huo, kwa jina la haki za majimbo.

Kwa hiyo Kaskazini walikuwa watu wema?

Hapana. Benki za New York zilikopesha wenye mashamba, viwanda vya Massachusetts vilifuma pamba yao, na majimbo kadhaa huru yaliwanyima weusi kura au hata ruhusa ya kuhamia. Wengi wa askari wa mwanzo walikwenda kuulinda Muungano, si kumfungua mtumwa. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri zilibaki upande wa Lincoln zikiwa bado na watumwa.

Watumwa wenyewe walikaa wakisubiri?

Hawakusubiri. Mei 1861, vita vikiwa na majuma machache, wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipiga makasia usiku wakaingia Fort Monroe, ngome ya serikali kuu huko Virginia. Ofisa wa Kusini akaja na bendera nyeupe kuwadai, akitaja Sheria ya Watoro. Jenerali Benjamin Butler, aliyekuwa wakili kabla ya vita, akamjibu kwamba Virginia yenyewe inasema ni nchi ya kigeni, na sheria za Marekani hazidaiwi na nchi ya kigeni. Akawabakiza. Habari zikaenea, na maelfu wakafuata njia hiyo hadi Washington ikalazimika kuwa na sera. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 liliwatangaza huru watumwa wa maeneo yaliyoasi na kufungua milango ya jeshi. Weusi wapatao 180,000 waliandikishwa. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalifuta utumwa nchi nzima Desemba 1865. Idadi ya askari waliokufa pande zote ilikadiriwa kwa muda mrefu kuwa 620,000. Makadirio mapya yanafika 750,000.

Afrika Mashariki iliguswa?

Iliguswa sokoni. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa Zanzibar tangu miaka ya 1820 na 1830. Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani 1833. Walileta merikani, kitambaa cha pamba kilichosafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji kikitumika kama fedha, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya kitambaa hicho ilichumwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipokatiza pamba, merikani ikaadimika na kupanda bei, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Zanzibar yenyewe iliendelea na watumwa wa mashamba ya karafuu. Soko lao lilifungwa 1873.

Hoja kwamba vita vilikuwa vya haki za majimbo ilitoka wapi, basi?

Ilipata nguvu baada ya kushindwa. Stephens yule yule wa jiwe la msingi, na Davis pia, waliandika vitabu vinene baada ya 1865 wakieleza kwamba ugomvi ulikuwa wa tafsiri ya Katiba na utumwa ulikuwa suala la pembeni. Vyama vya wajane, mabinti na wazee wa vita vikalibeba hilo hadi kwenye sanamu za viwanjani na vitabu vya shule. Iliwafaa wengi: Kusini ilipata heshima, na wazungu wa pande zote walipata namna ya kupatana bila kuzungumzia haki za weusi.

Je, jimbo la Marekani linaweza kujitoa leo?

Kisheria, haliwezi kwa uamuzi wake peke yake. Mwaka 1869, katika kesi iliyohusu hati za dhamana za serikali ambazo Texas iliziuza wakati wa vita, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Texas haikuwahi kutoka katika Muungano hata siku moja, tamko lake la 1861 lilikuwa batili tangu lilipoandikwa, na jimbo haliwezi kuondoka isipokuwa kwa mapinduzi au kwa ridhaa ya majimbo mengine.